Sindano, Unga na Masizi: Kazi za Mikono ya Wanawake wa India

Wahenga walisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hii hutajwa mara kwa mara sokoni na majumbani, na wengi huipokea bila kuipima. Lakini wanawake wa India wamefanya vitu vyema kwa karne nyingi, wala vitu hivyo havikujiuza. Vilichorwa ukutani, mvua ikavifuta. Vilishonwa, vikachakaa juu ya migongo ya watoto. Vilimwagwa mlangoni alfajiri, sisimizi wakavila kabla ya adhuhuri. Ilipofika siku ambayo watu wa mijini walianza kuvitafuta kwa fedha, maswali mawili yakazuka: fedha hiyo ni ya nani, na jina litakaloandikwa chini ya kazi hiyo ni la nani? Maswali hayo yanamhusu kila mama anayefuma kitambaa au kusuka mkeka, awe kijijini Bihar au kambini Uganda.

India ni nchi kubwa mno. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba imeipita China kwa wingi wa watu, ikiwa na zaidi ya watu bilioni 1.4. Katiba yake inaorodhesha lugha 22, na ndani ya mipaka yake wamo Wahindu, Waislamu, Makalasinga, Wakristo na wafuasi wa dini nyinginezo. Kwa hiyo hapana mwanamke mmoja awezaye kuwawakilisha wote. Daktari wa Mumbai na mfugaji wa Kutch wanatofautiana kama walivyo mwalimu wa Kampala na mchungaji wa Karamoja. Hata hivyo, siku ya mwanamke wa kijijini hufanana kwa mambo mengi toka jimbo moja hadi jingine.

Huamka kabla ya mume na watoto. Hufagia ua, huteka maji, hukamua ng'ombe au nyati. Hukanda unga wa ngano na kuchoma chapati juu ya bamba la chuma, huchemsha dengu, husaga bizari na pilipili juu ya jiwe. Samadi ya ng'ombe huikanda pamoja na makapi, akaibandika ukutani ikauke iwe kuni, na alama za vidole vyake huonekana juu ya kila kibonge. Msimu wa mpunga ukifika, huinama majini tangu asubuhi akipandikiza miche. Mwaka 2016 serikali ya India ilianzisha mpango wa kuwapatia wanawake wa kaya maskini mitungi ya gesi, na moshi umepungua katika majiko mengi, ijapokuwa kuni na samadi hazijaachwa. Sanaa inayoelezwa hapa ilizaliwa katika nafasi ndogo zilizobaki baina ya kazi hizo zote.

MLANGONI KABLA YA JUA KUCHOMOZA

Katika jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, kazi ya kwanza ya siku si ya jikoni. Mwanamke hufungua mlango kungali giza, hufagia mbele ya kizingiti, hunyunyiza maji yaliyochanganywa na samadi ili vumbi litulie, kisha huinama akiwa na bakuli la unga wa mchele. Huuchota kidogo kwa ncha za vidole, akaudondosha ardhini nukta kwa nukta, katika safu zilizo sawasawa. Nukta zikikamilika, huanza kuuchirizisha unga kuwa mstari unaozizunguka nukta hizo, ukipinda na kukatana, mpaka urudi ulikoanzia. Mchoro huo huitwa kolamu.

Hapimi kwa rula wala hatazami kitabu. Hesabu yote imo kichwani, aliyoipokea kwa mama au bibi yake. Katika mwezi wa Margazhi, unaoanza katikati ya Desemba hadi katikati ya Januari, michoro huwa mikubwa na majirani hushindana kwa uzuri. Kusipokuwa na kolamu mlangoni, mpita njia huelewa kwamba huenda nyumba hiyo imefiwa, maana siku za msiba haichorwi. Hivyo unga kidogo huwapasha majirani habari ya nyumba nzima bila mtu kufungua kinywa.

Yafaa ikumbukwe kwamba elimu hiyo ya wanawake, ambao wengi wao hawakupata kuketi darasani, iliwashangaza wasomi. Katika miaka ya 1970, mtaalamu wa hesabu Gift Siromoney wa chuo cha Madras Christian College, pamoja na mkewe Rani Siromoney na wenzao, waliichunguza michoro ya kolamu ili kuonyesha kanuni zake, na kanuni hizo zikaingizwa katika taaluma ya kompyuta. Mwanamke aliyeinama mlangoni alikuwa akizitumia kila siku bila kuziita kwa jina hilo.

Kolamu haiuzwi. Magurudumu ya baiskeli huipita, watoto huikanyaga, sisimizi na ndege hula unga wake, na kwa mapokeo ya watu wa huko kuwalisha viumbe hao wadogo ni jambo la heri. Siku hizi wengi hutumia unga wa mawe badala ya mchele, na wapo wanaobandika karatasi za plastiki zilizochapwa mchoro. Karatasi hiyo hudumu mwaka mzima, lakini haimwambii jirani kwamba mwenye nyumba ameamka salama.

KUTA ZA MITHILA

Kaskazini mwa jimbo la Bihar, karibu na mpaka wa Nepal, iko nchi ya kale iitwayo Mithila. Kwa mapokeo ya Wahindu, ndiko alikotoka Sita, mke wa Rama. Huko wanawake walizoea kuchora kuta za udongo za nyumba zao, hasa wakati wa harusi. Chumba ambamo bwana na bibi arusi hulala siku za kwanza za ndoa kilichorwa mayungiyungi, mianzi, samaki, kobe na kasuku, yote yakiwa ni alama za kuwaombea uzazi na mapenzi. Rangi zilitoka jikoni na shambani: nyeusi kwa masizi ya taa au ya chungu, manjano kwa bizari, nyeupe kwa mchele uliosagwa, nyekundu na buluu kwa udongo na mimea. Brashi ilikuwa kijiti cha mwanzi kilichochanwa ncha au kufungwa uzi wa pamba.

Michoro hiyo ilikuwa siri ya nyumba. Tarehe 15 Januari 1934, tetemeko kubwa la ardhi liliibomoa Bihar. Afisa wa kikoloni wa Kiingereza, W. G. Archer, alipokuwa akikagua hasara, aliona kuta za ndani zikiwa wazi kwa mara ya kwanza, na juu yake picha ambazo mgeni hakupata kuziona. Baadaye alizipiga picha na kuziandikia. Hata hivyo, maisha ya waliozichora hayakubadilika.

Yalibadilika kwa ajili ya njaa. Katika miaka ya 1966 na 1967, ukame mkali uliikumba Bihar. Serikali ilianzisha kazi za kuchimba na kujenga barabara ili maskini wapate posho, lakini wanawake wa matabaka ya juu hawakuruhusiwa na desturi kuonekana nje wakivunja mawe. Ndipo Pupul Jayakar, aliyekuwa akisimamia sanaa za mikono serikalini, alipomtuma msanii Bhaskar Kulkarni kutoka Bombay aende vijijini na marobota ya karatasi. Wanawake waliombwa wachore juu ya karatasi yale waliyozoea kuchora ukutani, nao wangelipwa.

Mwanzoni waliokubali walikuwa wachache. Karatasi ilikuwa kitu kigeni, na picha ya harusi kupelekwa kwa watu wasiojulikana ilionekana kama aibu. Lakini watoto walikuwa na njaa. Katika vijiji vya Jitwarpur na Ranti, wilaya ya Madhubani, waliojaribu walipata fedha, na majirani wakafuata. Miongoni mwa wa mwanzo alikuwa Jagdamba Devi, ambaye mwaka 1975 alitunukiwa na Serikali ya India nishani ya Padma Shri, na Sita Devi, aliyepewa nishani hiyohiyo mwaka 1981.

Matabaka nayo yalijionyesha katika mistari. Wanawake wa Kibrahmani walijaza rangi nzito. Wa tabaka la Kayastha, ambao waume zao walikuwa makarani, walichora kwa mistari myembamba kama ya kalamu ya wino. Wanawake wa tabaka la Dusadh, waliohesabiwa kuwa najisi, hawakuwa na mazoea ya kuchora miungu ya wakubwa. Katika miaka ya 1970, wakitiwa moyo na mtafiti wa Kijerumani Erika Moser, walianza kuchora kwa namna yao wenyewe. Chano Devi na wenzake walichukua alama za chale walizokuwa wakichanjwa mikononi na miguuni, wakazipanga juu ya karatasi iliyopakwa maji ya samadi, wakasimulia habari za Salhesh, shujaa wa watu wao. Hivyo alama iliyokuwa katika ngozi ya mnyonge ikatundikwa katika kuta za majumba ya makumbusho.

GANGA DEVI NA DULARI DEVI

Maisha ya wanawake wawili yatatosha kuonyesha kwamba kazi njema haijiuzi yenyewe.

Ganga Devi alizaliwa mwaka 1928. Aliolewa, hakujaliwa watoto wa kuishi, na mumewe akaoa mke wa pili. Ganga Devi akabaki katika dhiki, akichora picha ambazo madalali walizinunua kwa bei ya kutupa na kuziuza mijini kwa bei kubwa. Mstari wake ulikuwa mwembamba na thabiti kuliko wa wengi, lakini faida ya wembamba huo ilikwenda kwa mwingine. Alipojulikana kwa jina lake, mambo yakageuka. Mwaka 1984 alipewa Padma Shri, akasafiri mpaka Marekani, na huko alichora alichokiona kwa macho ya Mithila: magari, bendera, na watu waliofungwa katika vigari vya michezo vinavyopanda na kushuka kwa kasi. Alipougua saratani na kutibiwa mjini Delhi, alichora pia ugonjwa wake, hospitali na madaktari. Alifariki mwaka 1991.

Kabla ya kufa alichora chumba kizima cha harusi katika ukuta wa Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Mikono mjini New Delhi. Mwaka 2015, wakati wa ukarabati wa jumba hilo, ukuta huo ulifutwa, na jambo hilo liliwahuzunisha wapenzi wengi wa sanaa. Ikawa mkono uliotukuzwa kwa nishani haukupata ulinzi wa ukuta mmoja.

Dulari Devi ni wa kijiji cha Ranti, wa tabaka la Mallah, ambao kazi yao ni uvuvi. Aliozwa angali mtoto, akajifungua, mtoto akafa, naye akarudi kwa mama yake. Alifanya kazi ya kufagia na kuosha vyombo katika nyumba ya Mahasundari Devi, msanii mashuhuri wa Mithila. Akiwa na ufagio mkononi aliwatazama wenye nyumba wakichora, na akifika kwao alikwaruza ardhi kwa kijiti akijaribu kuiga. Hatimaye aliomba afundishwe, wala hakufukuzwa. Alijifunza kwa Mahasundari Devi na kwa Karpoori Devi. Picha zake zikajaa wavuvi, mitumbwi, mashamba na watu wa kwao. Mwaka 2010 kilitoka kitabu cha picha zake kinachosimulia maisha yake, na mwaka 2021 akatunukiwa Padma Shri. Tarehe 1 Februari 2025, Waziri wa Fedha wa India, Nirmala Sitharaman, alisoma bajeti bungeni akiwa amevaa sari aliyopewa na Dulari Devi, yenye michoro ya Mithila. Aliyekuwa akifagia ua wa wengine alionekana na taifa zima.

Kati ya maisha hayo mawili msomaji ataona jambo moja. Kipaji walikuwa nacho tangu mwanzo, lakini mlango ulifunguka pale alipopatikana mtu wa kufundisha bila kuangalia tabaka, na mnunuzi wa kuuliza jina la aliyechora.

SARI KUUKUU NA SHUKA YA MJUKUU

Bengali, mashariki ya nchi, ilipata sanaa yake kutokana na matambara. Sari ya pamba, ambayo kwa kawaida ina urefu wa mita tano na zaidi, huvaliwa mpaka ikawa laini na nyepesi. Mama wa Kibengali hakuitupa. Alitandika sari kuukuu tatu au nne moja juu ya nyingine, akafumua nyuzi za rangi kutoka katika mapindo yake, kisha kwa nyuzi hizohizo akazishona zote pamoja kwa mshono mwepesi wa kupita juu na chini. Blanketi hilo huitwa kantha. Mtoto mchanga huzungushiwa nguo iliyokwisha kulainishwa na mwili wa mama na bibi yake. Wenye ustadi zaidi walishona ndani yake samaki, tembo, miti na habari za kijiji. Gharama yake ilikuwa sindano moja tu na saa nyingi za usiku.

Katika Punjab, kaskazini magharibi, sanaa yenye sifa ni fulkari, yaani kazi ya maua. Bibi alianza kushona mjukuu alipozaliwa, akamaliza mjukuu alipokaribia kuoa au kuolewa. Kitambaa kilikuwa cha pamba nzito iliyofumwa nyumbani, uzi ulikuwa wa hariri, na ajabu yake ni kwamba mshonaji alishona kwa upande wa nyuma, akihesabu nyuzi za kitambaa moja moja, bila kuyaona maua yakichanua upande wa pili. Kosa la uzi mmoja lilipotosha safu nzima.

Punjab ni nchi inayostahili kukumbukwa na askari wa Uganda. Katika miaka ya 1890 wanajeshi wa Kikalasinga waliletwa Uganda na Waingereza, na reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ilijengwa na Wahindi wapatao 32,000, wengi wao kutoka Punjab. Historia huwataja wanaume hao. Wake zao waliobaki nyumbani, wakilima, wakilea na kuhesabu nyuzi kwa mwanga wa taa ya mafuta, hawakutajwa. Mke wa askari yeyote aliyewahi kungoja barua au simu kutoka mbali ataelewa kwa nini kazi iliyotaka miaka kumi na zaidi iliweza kukamilika. Mwaka 1947 Punjab ilipogawanywa kati ya India na Pakistani, mamilioni ya watu walikimbia makwao, na fulkari nyingi ziliachwa au ziliuzwa ili kupata chakula. Shuka iliyoanzwa kwa furaha ya kuzaliwa ikawa ndiyo akiba ya mwisho ya mkimbizi.

SINDANO ILIPOGEUKA MZIGO

Isidhaniwe kwamba kila desturi ya zamani ni njema kwa mwenye kuitenda. Magharibi kabisa, katika jimbo la Gujarat, kuna nchi kavu ya Kutch. Wahindi wengi wa Afrika ya Mashariki asili yao ni Kutch na maeneo mengine ya Gujarat. Huko wamo Warabari, wafugaji wa ngamia, kondoo na mbuzi. Wanaume huhama na mifugo, na wanawake huvaa nguo nyeusi za sufu na kushona kwa nyuzi za rangi kali, wakitia vipande vidogo vya kioo vinavyomeremeta juani. Watu wa kuhamahama hawawezi kubeba makabati. Mali yao hukaa katika nguo na katika vidole.

Katika India, tofauti na desturi nyingi za Afrika ya Mashariki, mali ya ndoa aghalabu hutoka upande wa binti kwenda upande wa mume. Sheria ya mwaka 1961 ilipiga marufuku kudai mali hiyo, lakini desturi haikufa. Kwa Warabari wa ukoo wa Dhebaria, mali ya binti ilikuwa nguo alizozishona mwenyewe. Kadiri miaka ilivyopita, upande wa mume ulidai nguo nyingi zaidi. Binti hakuweza kwenda kwa mumewe kabla ya kuzikamilisha, akashona mwaka baada ya mwaka huku ujana ukipita. Mwaka 1995 wazee wa ukoo huo waliamua: kushona kwa mkono nguo za kuvaliwa na watu wa ukoo kukapigwa marufuku.

Uamuzi huo una uchungu wa pande mbili. Mabinti walifunguliwa kifungo, lakini ufundi wa mama zao ukahatarishwa, na waliotoa hukumu walikuwa wanaume ambao hawakushika sindano. Wanawake hawakunyamaza. Walinunua utepe na mapambo ya dukani, wakayapanga juu ya nguo kwa haraka na kwa ustadi, mpaka ukazaliwa mtindo mpya ambao marufuku haikuutaja. Wengine waliendelea kushona kwa ajili ya kuuza, maana kazi ya mshahara haikukatazwa.

Kuuza huko Kutch kulikuwa kumeanza mapema. Mwaka 1969, wakati wa ukame, Bibi Chandaben Shroff alifika katika kijiji cha Dhaneti kusaidia katika jiko la msaada. Akawakuta watu wanaoona haya kupokea chakula cha bure, ila waliotaka kazi. Akawapa wanawake sari na nyuzi washone, akaziuza Mumbai, na fedha ikarudi kijijini. Ndivyo lilivyoanza shirika la Shrujan. Tarehe 26 Januari 2001 tetemeko la ardhi liliiharibu Kutch na kuua watu wapatao 20,000, na wengi walibaki bila nyumba wala mifugo. Kwa wanawake wenye ufundi, sindano ilikuwa miongoni mwa vifaa vichache ambavyo kifusi hakikuvizuia.

WALIPOJIUNGA PAMOJA

Mwanamke mmoja akiuza kazi yake peke yake, dalali humpangia bei. Wanawake wa India walilitambua jambo hilo, nao wakajiunga. Tarehe 15 Machi 1959, mjini Bombay, wanawake saba walikutana juu ya dari la nyumba yao wakiwa na mkopo wa rupia 80. Walikanda unga wa choroko nyeusi na pilipili manga, wakausukuma kuwa mikate myembamba kama karatasi, wakaianika juani na kuiuza. Mikate hiyo huitwa papadi. Ushirika wao, uitwao Lijjat, umekua hata una wanachama zaidi ya 45,000, wote wanawake, nao ndio wenye mali. Kila mmoja huchukua donge la unga asubuhi, husukuma nyumbani kwake baina ya kazi zake, hurudisha papadi zilizokauka na kulipwa. Jaswantiben Popat, mmoja wa wale saba, alipewa Padma Shri mwaka 2021, mwaka uleule wa Dulari Devi.

Mjini Ahmedabad, mwanasheria Ela Bhatt aliunda chama cha SEWA mwaka 1972, kwa ajili ya wanawake wanaoshona, wanaouza mboga, wanaobeba mizigo na kuzungusha biri majumbani. Maofisa walisita kukiandikisha, wakiuliza: chama cha wafanyakazi wasio na tajiri kitagombana na nani? Jibu lilikuwa kwamba wafanyakazi huungana kwa ajili yao wenyewe hata pasipo wa kugombana naye. Mwaka 1974 wanachama 4,000 walichanga rupia 10 kila mmoja wakaanzisha benki yao. Wengi hawakujua kuandika, kwa hiyo picha ya mwenye akiba ilibandikwa katika kitabu chake ili asiibiwe na mwingine. Ela Bhatt alifariki mwaka 2022, na chama chake kinaendelea. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hicho sharti kiwe mikononi mwa waliokijaza.

FUNZO KWA KAYA ZA KAMBINI

Mwaka huohuo wa 1972, serikali ya Idi Amin iliwafukuza Waasia kutoka Uganda kwa muda wa siku 90. Familia zilizokuwa na maduka na majumba ziliondoka na masanduku machache. Katika ughaibuni wapo wanawake wengi waliokuwa wake wa matajiri walioketi kwenye cherehani za viwandani, au walioanza kupika na kuuza vyakula vya kwao. Duka lilibaki nyuma, ujuzi wa mikono ukasafiri nao.

Mke wa askari au polisi anazijua safari za namna hiyo kwa kiasi chake. Uhamisho huja ghafla. Shamba la mihogo huachwa na jirani, kibanda cha biashara huvunjwa, wateja hupotea. Lakini anayejua kushona, kusuka ukindu, kufuma vitambaa au kuoka mikate huingia kambi mpya akiwa na kazi yake. Warabari walilijua hilo kabla ya kambi zote za leo kujengwa.

Lakini ufundi peke yake hautoshi, kama maisha ya Ganga Devi yalivyoonyesha. Yako mambo matatu yafaayo kuangaliwa. Kwanza, saa za mama zihesabiwe. Mkeka wa wiki mbili ukiuzwa kwa bei ya ukindu na rangi tu, mama amefanya kazi ya bure na mnunuzi amepata zawadi. Pili, akina mama wauze kwa pamoja. Kumi wakikubaliana bei, dalali hataweza kumtumia mmoja kumshusha mwingine. Tatu, desturi isiachwe imgeuze binti kuwa mtumwa wa sanduku lake la arusi. Vitambaa vinavyomchelewesha msichana shuleni si pambo tena.

Waume nao wana sehemu yao. Askari humheshimu mwenzake anayeitunza silaha yake, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Sindano, kibao cha kusukumia chapati na kitita cha ukindu vinastahili heshima ya namna hiyo. Mama anayemaliza mkeka wiki hii na aandike katika daftari: umechukua siku ngapi, ukindu shilingi ngapi, rangi shilingi ngapi, umeuzwa kwa nani na kwa bei gani. Baba atakaporudi kutoka lindoni, akae asome hesabu hiyo, kisha aulize ni nani mwingine katika safu hiyo ya nyumba anayesuka.